Daftari Juu ya Ngoma

Du!

Mara moja tu, kisha kimya. Walburga alifumbua macho akangoja pigo la pili, na pigo la pili halikuja. Nje theluji ilianguka bila haraka juu ya mapaa ya mji. Chini sebuleni ilikuwepo ngoma ya vita ya baba yake, lakini ngozi yake ilikuwa imelegea kwa uzee, na kwa miaka arobaini hakuna aliyeipiga.

"Panya," alijiambia. Akanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, akagusa shuka baridi. Tekla, binti yake wa miaka sita, hakuwepo.

Alimkuta kwenye mlango wa mbele, peku, ndani ya gauni la kulalia. Visigino vilikuwa vimebanana, mikono imenyooka mapajani, kidevu juu. Mlango ulikuwa wazi, na ufunguo ulikuwa bado umening'inia kwenye msumari jikoni.

"Unafanya nini hapa, mwanangu?"

"Nimeitwa," alisema Tekla, macho yamefumbwa.

Usiku wa pili ngoma ililia tena mara moja, na mtoto alikutwa uani. Usiku wa tatu alikutwa nje ya geti. Usiku wa nne Walburga alimfunga kiunoni kwa mkanda wa hariri, akajifunga na yeye, na alipoamka mkanda ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya mto kama nguo ya askari kabla ya ukaguzi. Usiku wa tano mtoto alikuwa amefika kwenye miti ya mierebi karibu na mto, na wa sita alikuwa ukingoni kabisa mwa mto, mahali ambapo barafu ilikuwa bado nyembamba na maji meusi yalionekana yakipita chini yake. Kila alikosimama iliachwa harufu: sufu mbichi, baruti, na kamba iliyolowa.

Padri Kolumban aliletwa. Alinyunyiza chumvi na maji ya baraka kila kona, akawafukuza kwa sauti kubwa Waprusi, kisha Waturuki, maana nyumba nzima iliamini kwamba mzuka huu ni adui fulani aliyeuawa na mwenye nyumba. Na maadui waliouawa na baba yake Walburga, Jenerali Ehrenfried von Mallnitz, hawakuwa wachache. Mji mzima uliyajua maisha yake kwa moyo. Kila alipochinjwa bata bukini aliyasimulia upya, akianzia kivuko cha Lhotka, ambako akiwa luteni wa miaka ishirini aliwazuia Waprusi peke yake baada ya wenzake kukimbia. Hapo ndipo alipopata ukapteni. Kisha Italia, kisha ngome ya Waturuki, kisha nishani kutoka Vienna.

"Afande akianza Lhotka, supu inaanza kupoa," Vavrinek, mtumishi wake tangu jeshini, alizoea kunong'ona. "Akifika kwa Waturuki, sisi tumeshaosha vyombo."

Lakini siku ya saba Vavrinek hakutania. Aliingia sebuleni na kuni mkononi, akaiangalia ngoma, na kuni zikamponyoka.

"Bibie, nani ameliweka daftari hapo juu?"

Lilikuwa daftari la wafu wa kikosi. Kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, Jenerali aliyasoma majina yao mbele ya familia, wote wamesimama.

"Mimi," alisema Walburga. "Mwaka huu meza ilijaa mikate ya siku ile. Nikatandika kitambaa juu ya ngoma, Baba akasomea hapo. Nikalisahau. Kwani vipi?"

"Mama wee!" Mzee alivua kofia. "Vitani hakuna meza, bibie. Mtu akishtakiwa, maofisa wanaizunguka ngoma, daftari linawekwa juu yake, wanamhukumu hapo hapo. Likishawekwa, mahakama imefunguliwa. Haifungwi mpaka jina la mshtakiwa litajwe na hukumu isomwe. Nyie mmeifungua, mkaenda kula mikate."

"Mshtakiwa gani? Hapa kuna mshtakiwa gani?"

Vavrinek alifunua kurasa. Katikati ya majina ya Lhotka kulikuwa na mstari mmoja uliofutwa kwa wino mzito, mweusi, na wino ule, baada ya miaka hamsini na mbili, ulikuwa umelowa.

"Mpiga ngoma wetu. Alinyongwa kwa kukimbia kivukoni. Mtoro akinyongwa, jina lake linaandikwa kwenye bati, linapigiliwa kwenye mti wa kunyongea, na kikosi kizima kinaapa kutolitamka tena. Niliapa na mimi."

"Litamke, Vavrinek. Nakuomba. Mtoto wangu ameshafika mtoni."

Mzee alifungua kinywa. Koo lilihangaika, shingo ikavimba, na kilichotoka hakikuwa neno bali mate meusi kama wino, yakamchuruzika hadi kwenye ndevu.

"Halinitoki," alinong'ona alipopata pumzi. "Linamtaka aliyetoa ushahidi. Shahidi alikuwa mmoja tu."

Walburga alipanda ngazi mbio. Jenerali alikuwa kitini, mguu wenye jongo juu ya mto.

"Baba, mpiga ngoma wa Lhotka aliitwa nani?"

Uso wa mzee ulififia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. "Nani amekutajia habari hizo?"

"Tekla anakufa, Baba."

"Ana homa. Mpe chai ya mitishamba, afunikwe." Mkono wake ulipapasa nishani kifuani. "Na ukiniuliza tena, mimi sina binti."

Usiku ule ngoma haikulia. Walburga alikesha amemkumbatia mtoto, akisikia moyo mdogo ukienda mbio, na kulipokucha alishukuru, akamnywesha supu, akamwacha kidogo karibu na jiko. Saa sita mchana, ukungu mzito umeishukia nyumba, ngoma ililia. Haikulia mara moja. Ililia mfululizo, du, du, du, kwa mwendo wa askari wanaompeleka mtu kunyongwa, na Walburga alipofika jikoni alikuta mlango wazi na nyayo ndogo zikielekea mtoni, naye akakimbia, akaanguka, akainuka, akakimbia, na nyuma yake akasikia Vavrinek akihema na mkongojo wa baba yake ukichoma theluji, kwa sababu safari hii hata Jenerali alikuwa ameisikia.

Tekla alikuwa katikati ya mto, juu ya barafu, visigino vimebanana. Walburga aliweka mguu mmoja. Barafu ikapasuka, akarudi nyuma akilia. Mtoto akafungua kinywa, na sauti ya mwanamume mzima, tulivu, isiyo na haraka, ikauliza:

"Mshtakiwa anaitwa nani?"

Jenerali alijinyoosha. "Mimi ni Ehrenfried von Mallnitz! Nilishika kivuko cha Lhotka..."

Barafu ilipasuka ufa mrefu. Mtoto akapiga hatua moja kuelekea kwenye maji.

"Niliongoza vikosi Italia! Nilivunja ngome ya Waturuki! Naamuru..."

Hatua nyingine. Na nyingine. Maji yalimfika Tekla vidoleni.

"Siyo hayo, Baba!" Walburga alimshika kola mzee kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya. "Hayo tunayajua! Jina! Mpe jina lake!"

Mkongojo ulianguka. Mzee akapiga magoti kwenye theluji, jongo na yote.

"Nilikimbia mimi," alisema. "Nilijificha kwenye matete mpaka jioni. Yeye alibaki kivukoni akipiga ngoma peke yake, Waprusi wakadhani sisi ni wengi, wakarudi. Alikuwa ameniona. Kwa hiyo nikaapa mbele ya ngoma yake mwenyewe, hii iliyoko sebuleni, kwamba aliyekimbia ni yeye."

Ngoma ilinyamaza. Tekla aligeuka, uso wake umeelekea ukingoni, macho bado yamefumbwa, akingoja.

"Hana hatia," alisema Jenerali, machozi yakimganda mashavuni. "Anaitwa Ondrej. Ondrej Kubista."