Uniulize Mimi Kwanza

Asubuhi ile foleni ya duka la mikate ilifika hadi barabarani, na fundi wa lifti, kijana wa ovaroli ya buluu, akaipita yote kama haimhusu.

"Kaka, mkia wa foleni uko kule," alisema dada wa kaunta, kilemba chake cha njano kimekaa upande.

"Lifti ya jengo la jirani imekwama na watu ndani, dada yangu. Nipe mkate mmoja nikimbie."

"Watu wamekwama, na wewe unanunua mkate?"

Foleni nzima ilicheka. Ulikuwa uongo mtupu, akarudi nyuma mdogomdogo. Alipofika tena mbele aliomba mkate na namba ya simu, akapewa vyote viwili.

Mapenzi yakanoga. Dada hakumficha azma yake: hakutaka kuzeekea kaunta. Alitaka tanuri, kisha mtihani wa uokaji, kisha awe mwokaji mkuu. Alikuwa amemsumbua msimamizi wa duka miaka na miaka, hatimaye akapewa majaribio tanurini.

Wiki ya kwanza alitoka na alama ya moto mkononi, uso umejaa furaha. Fundi aliona alama, furaha hakuiona. Kesho yake akamwendea msimamizi kimyakimya.

"Mzee, yule ni mchumba wangu. Joto lile litammaliza. Mrudishe mbele."

Mzee, ambaye tangu mwanzo hakupenda kuona wasichana tanurini, alimrudisha siku hiyohiyo.

Jioni simu ya fundi ililia.

"Nani alikutuma?"

"Mpenzi, nilikuonea huruma."

"Huruma yako imenirudisha kaunta."

"Basi kesho nitakwenda nimwambie..."

"Usiende. Usinisemee tena." Dada akakata.

Alilia, maana alimpenda, na anayekupenda akikuumiza unaumia mara mbili. Lakini kulia si kazi. Asubuhi alifunga aproni akaingia kwa msimamizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mchumba wako alisema..."

"Mchumba wangu anatengeneza lifti. Ya tanuri niulize mimi. Nipe unga wa leo. Mikate ikiungua nitabaki kaunta, wala sitakusumbua tena."

Mzee akampisha. Mikate ilitoka imeumuka vizuri, rangi imekolea. Mzee alimega mmoja, akatafuna polepole.

"Kesho uwahi," alisema. "Tanuri halimsubiri mtu."

Dada alipotoka, fundi alikuwa ng'ambo ya barabara, shati limepigwa pasi.

"Nisamehe," alisema. "Niliona moto tu, sikukuona wewe."

"Nimekusamehe. Na nilikukumbuka, mjinga wewe."

"Leo nilikwenda kwa mama yako kuomba nikuoe. Nilipofika mlangoni nikageuka. Nakuuliza wewe kwanza."

Dada alimshika mkono kwa vidole vyenye unga.

"Nakubali. Ila nifaulu mtihani kwanza, ndipo harusi."

"Na mama tumwambie lini?"

"Mama nitamwambia mwenyewe."