Debe la Mama Hanan

Siku ya soko, Zuena huamka kabla ya adhana. Huchemsha chai ya tangawizi, huitia kwenye chupa, kisha hutoka kwake Majengo, Nyeri, kwenda Karatina kuuza viazi, ambavyo huko huitwa waru. Viazi vyake hutoka Endarasha. Ni vizuri, lakini si viazi vilivyompa jina sokoni. Ni debe lake.

Karatina kila mtu anaujua mchezo wa debe. Muuzaji mjanja hupanga viazi vikubwa juu, na vidogo na vibovu vikalala chini. Mteja akifika nyumbani ndipo anapoona. Zuena hana mchezo huo. Mteja akisimama, yeye hulimwaga debe lote juu ya gunia.

"Angalia mwenyewe," husema. "Ukiona imeoza, toa."

"Wewe utauza mpaka Krismasi!" wenzake humtania. Lakini Zuena ndiye huwa wa kwanza kukunja magunia.

Zuena ana binti mmoja, Hanan, wa miaka ishirini na mmoja. Tangu utotoni Hanan anachora. Alianza kwenye karatasi za unga, akaendelea kwenye daftari za shule, na mwaka huu akachapisha kitabu chake cha kwanza cha katuni. Alichapisha nakala mia mbili kwa mpigo.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Hanan alikuwa amemwona mtu kwenye simu akifundisha biashara. "Watu hawanunui kitu," mtu huyo alisema, "watu wananunua kelele." Hanan ni msichana mwerevu, lakini simu imewapumbaza werevu wengi kumshinda. Aliamini.

Basi kwenye jalada alichora msichana mwenye joho jekundu akirusha radi. Juu yake akaandika: KATUNI INAYOPENDWA ZAIDI MLIMA KENYA! Wakati huo hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameisoma. Kwenye simu akatangaza: "Harakisheni! Zimebaki kumi tu!"

Zuena aliinama kufagia chini ya kitanda. Akakuta maboksi yaliyojaa vitabu.

"Hanan, ni kumi gani na hizi zote?"

"Mama, hiyo ni biashara tu. Kila mtu anafanya hivyo."

"Ati biashara?"

Zuena aliyarudisha maboksi chini ya kitanda. Mtoto ni wake, na furaha ya mtoto wake ilikuwa kubwa. Siku ya soko akabeba vitabu pamoja na viazi. "Kitabu ya mtoto wangu!" aliita. "Ukianza kusoma huwezi kuacha!" Watu walimwamini Mama Hanan, wakanunua.

Lakini Zuena mwenyewe hakuwa amekisoma. Alikuwa amejifunza kusoma mwaka huo tu, katika darasa la watu wazima, lile wanaloliita gumbaru. Alasiri moja, Hanan alipokuwa ametoka, aliketi mlangoni na kufungua kitabu. Herufi zilikuwa ndogo kama mbegu za sukuma wiki. Maneno yalijaa juu na chini ya picha, na hakujua aanze wapi. Picha zenyewe zilikuwa nyeusi tii. Alifika ukurasa wa pili, akakwama.

Alikifunga polepole. "Mwaka mzima wa gumbaru," alijiambia, "na kitabu ya mtoto wangu imenishinda." Alilia kidogo. Wiki hiyo hakwenda darasani. Iliyofuata pia hakwenda.

Siku ya soko iliyofuata alikuja Wamucii, mteja wake wa miaka mingi. Hakuwa na kikapu. Alikuwa na kitabu.

"Mama Hanan, nimenunua waru kwako miaka sita, na sijawahi kurudisha hata moja. Leo nimerudisha hii."

"Kwani iko na nini?"

"Watoto wametafuta huyo msichana wa radi mpaka mwisho. Hayuko! Ndani kuna mama fulani tu wa soko, na maneno hayasomeki." Wamucii akashusha sauti. "Hii ndio mara ya kwanza umeniuzia debe ya kupangwa."

Zuena alimrudishia pesa zake. Maneno yale yalimchoma kuliko tusi.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mwalimu Nyawira, anayefundisha gumbaru. Hanan alikuwa amemwandalia chai.

"Mama Hanan, nimekuja kukutafuta," alisema Mwalimu. "Mbona hukuji darasa?"

Zuena aliweka kitabu cha Wamucii mezani. "Mwalimu, kichwa yangu imekataa. Hata hii ya Hanan siwezi kusoma."

Hanan alishtuka. "Lakini Mama, umekuwa ukikisifu kila mahali!"

"Sikuwa nasifu kitabu, mwanangu. Nilikuwa nasifu wewe."

Mwalimu Nyawira alichukua kitabu, akavaa miwani na kusoma kwa sauti. Katika ukurasa wa pili alisoma jibu kabla ya swali. Akarudi nyuma. Akapotea tena. Akavua miwani na kucheka taratibu.

"Mama Hanan, kichwa yako iko sawa kabisa. Hata mimi nimepotea."

Zuena aliinua uso. "Kweli?"

"Kweli. Hanan, kuja uone. Jicho ya msomaji inaanza juu, upande wa kushoto. Anayesema kwanza, maneno yake yakae hapo. Herufi ziwe kubwa. Na usiandike kitu picha tayari imesema."

"Lakini nimeshachapisha mia mbili," alisema Hanan kwa sauti ndogo.

"Hapo ndipo uliharakisha. Ungechapisha moja tu, ya majaribio. Unapea watu watano wasome, na wewe unanyamaza. Usiwaelezee. Angalia tu mahali wanasimama. Hapo ndipo pa kurekebisha."

"Na nisipopiga kelele, Mwalimu, nani atajua niko na kitabu?"

"Piga! Hata mama yako anaita wateja. Lakini akishawaita, anafanya nini?"

Hanan alimtazama mama yake. "Anamwaga debe."

"Basi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jalada ionyeshe kitu iko ndani, na mtu aruhusiwe kufungua kabla ya kununua."

Machozi yalimtoka Hanan. Hakulilia vitabu. Alilia kwa sababu mama yake alikuwa ameacha shule akidhani ni mjinga, na kosa lilikuwa lake yeye.

Siku hiyo hiyo aliandika kwenye simu: "Nilisema zimebaki kumi. Haikuwa kweli. Ambaye hakuridhika arudishe, nitamrudishia pesa yake." Wengine walirudisha, naye akawalipa wote. Kisha akaanza kuchora upya.

Zuena alirudi gumbaru. Yeye husoma Jumatatu, kwa hiyo Hanan alipeleka kurasa zake kwa darasa la Jumatano, mama yake asizione mapema.

"Mbona mimi sionyeshwi?" Zuena alilalamika.

"Wewe utangoja, Mama."

Mzee Gatimu wa darasa la Jumatano aliweka kidole kwenye picha ya tatu. "Hapa nimepotea," alisema. Hanan aliuma midomo asimweleze, akaenda kuichora tena. Alirudi nayo mara nne, mpaka Mzee Gatimu akasoma hadi mwisho na kuuliza, "Ingine iko wapi?" Mwalimu Nyawira aliagiza nakala kumi za darasa hapo hapo.

Safari hii Hanan alichapisha hamsini tu. Alizipeleka Karatina mwenyewe, akazipanga kando ya viazi. Jalada halikuwa na radi. Lilikuwa na mwanamke mwenye hijabu akimwaga debe, na maneno mawili tu: MAMA DEBE.

Wamucii alipita, akakunja uso. "Ni ile ile?"

"Fungua popote, usome ukurasa moja," alisema Hanan. "Ukipenda ndio ununue."

"Mimi sifungui. Mama yako asome, tusikie."

Zuena alipangusa mikono kwenye leso, akashika kitabu. Alianza polepole, kidole kikifuata maneno.

"Mama Debe hana radi. Mama Debe ana debe."

Wamucii alicheka. Wauzaji wa karibu wakasogea. Zuena aliendelea kusoma, neno kwa neno, na watu walicheka mahali pa kuchekesha. Alifika ukurasa wa mwisho.

"Mama yangu hakunifundisha kuchora," alisoma. "Alinifundisha ku..."

Kidole kikasimama.

"Nini?" aliuliza Wamucii. "Herufi ni ndogo tena?"

"Hapana," alisema Zuena. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na alikuwa akitabasamu. "Ni kubwa. Nimeziona zote."

Akamshika Hanan mkono, akamalizia: "Alinifundisha kumwaga debe."

Wamucii alichukua nakala mbili, akazitia kikapuni bila kuzifungua.