Mapipa Mekundu Yako Wapi?

Samaki wa birika la msikiti walikuwa wanaelea matumbo juu, na Mzee Jamaldin, muadhini, kajifunika macho kwa viganja analia. Alfajiri hiyo ya mwaka 1967 Mji wa Kale uliamshwa na kelele zake, si adhana. Alisukutua akanawa uso, basi. Midomo ikababuka, macho yakagoma kufumbuka.

Maji yalinuka magadi makali, na magadi yale hutoka kiwanda cha sabuni cha Ganjoni peke yake. Kabla ya saa tatu polisi walikwishamtia ndani Katana, dereva wa lori la taka la kiwanda.

"Mvivu huyo! Kazitupa njiani!" watu walisema.

Saadia binti Idarus, karani wa kiwanda hicho, hakuamini. Manispaa ilitaka kila kiwanda kieleze kinatoa taka gani na zinakwenda wapi, na kazi ya kuzipanga hesabu hizo alipewa yeye. Jivu mbali, mashudu mbali, na mashapo ya magadi, yanayotiwa katika mapipa mekundu, mbali. Abdulkadir, msimamizi wa bohari, alimwambia kwa mdomo wake kuwa mapipa hayo Katana huyapeleka jalala la Makupa yakiwa yamefungwa.

Saadia akaenda mbio kwa Inspekta Gharib.

"Ami Gharib, lori limepitaje vichochoro vile? Hata punda wawili hawapishani!"

"Pipa hubingirishwa. Kwani wewe karani wa taka au askari?"

"Karani wa taka. Ndiyo maana nataka kuziona. Twende Makupa!"

Gharib alicheka, lakini aliwasha gari. Jalalani walikuta jivu, wakakuta mashudu yaliyooza. Pipa jekundu hakuna, hata kifuniko.

Walirudi kituoni kumuuliza Katana.

"Sijapata kuyapakia, dada," alisema, ameshika nondo za mlango. "Bwana Abdulkadir huniambia yana mtu wa kuyachukua. Nimemwambia kila askari hapa. Nani anisikilize mie?"

Alasiri watu walijaa kwa Mzee Jamaldin kumjulia hali. Saadia alikaa nyuma ya pazia na Bi Khairiya, mke wa mzee. Gharib alikaa barazani. Mara Abdulkadir akaja anachechemea. Alipovua makubadhi mlangoni, nyayo zake zilikuwa zimefungwa vitambaa.

"Hata mimi yamenifika!" alilalamika. "Nilitawadha birikani nyuma ya mzee, nikaungua maguu, wallahi! Huyo Katana afungwe."

Saadia aliita kutoka nyuma ya pazia.

"Kaka Abdulkadir, ulitawadha kamili?"

"Kamili, kama Mwislamu yeyote."

"Ulianzia wapi?"

"Swali gani hilo, binti? Viganja, nikasukutua, pua, uso..."

Akajigusa mdomo.

Mzee Jamaldin, macho yamefungwa kitambaa, aligeuza kichwa. "Miguu ndiyo mwisho, mwanangu. Mimi sikufika hata viwikoni. Gharib, hebu mtazame mdomo."

"Laini kama wa bwana harusi!"

"Hukutawadha mle," Saadia alisema. "Umeungua nyayo kwa kuyakanyaga mashapo ukiyamwaga. Umeyamwaga wapi?"

Bi Khairiya akadakia: "Si nyumba ya shangazi yake, ubavuni mwa msikiti! Haina mtu, na kisima chake kikavu!"

Gharib alitoa mkono. Abdulkadir akampa ufunguo. Uani mwa nyumba ile mapipa yalikuwa yamepangwa hadi dirishani, matupu, mengine yamepakwa kijani na rangi haijakauka.

"Maji ni shida mwaka huu, mapipa yanagombewa," Abdulkadir alisema, ameinama. "Nilitaka kuyauza. Kisima kile kimekufa tangu babu yangu. Sikujua kuwa chini ya mawe maji yanatembea mpaka msikitini."

"Na Katana?" Saadia aliuliza.

Abdulkadir alinyoosha mikono afungwe pingu.

Magharibi Katana alitoka mahabusu, amekunja ngumi kama bado ameshika nondo. Saadia alikuwa akimngoja nje.

"Asante, dada. Kesho nipakie nini?"

"Mapipa mekundu. Na unisogezee kiti, napanda na mimi. Sitaandika Makupa mpaka niyaone yakishuka."