Tisa, Nimesema

Siku yenyewe ilianza vizuri: jua la saa nne, chai ina sukari ya kutosha. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa ofisini kwake anakoandika programu za kuendesha lifti. Mimi ni mtu wa utani, nikipanda jukwaani hata jiwe linaonyesha meno. Hii sichekeshi. Hii inanichemsha damu mpaka leo.

Kiti alichokalia kiliachwa na fundi mzee aliyefariki mwezi uliotangulia. Walimwita Vidole Vinne, maana cha tano kililiwa na mlango wa lifti ujanani. Ndiyo sababu kwenye programu zake mlango ulisubiri sekunde tisa kabla ya kujifunga. "Mwenye haraka apande ngazi," alizoea kusema.

Wapangaji wa jengo moja wakalalamika kwamba wanachelewa. Shemeji akafuta tisa, akaweka tatu. Na lile jicho la mlango, linalouzuia usimbane mtu, lilikuwa bovu wiki nzima. Alijua. Alijua kabisa!

Akahifadhi. Kompyuta ikamjibu: faili hili limebadilishwa kutoka nje. Ulinganishe, au uandike lako juu yake?

Akatazama. Tatu yake imekuwa tisa.

"Nani anachezea faili langu?" akafoka.

Mwenzake wa meza ya pili akainua mikono, mmoja una mkate, mwingine kikombe. "Bosi, mimi nakula."

Akaandika lake juu. Dakika haikuisha, onyo likarudi. Tisa. Na chini yake mtu ameongeza maneno: Nimesema tisa.

Basi bwana mkubwa akapandwa na mori. Akachomoa waya wa mtandao. Akamtoa mwenzake nje, yeye na mkate wake. Akafunga mlango kwa ufunguo. Tatu. Hifadhi.

Onyo.

Safari hii akalinganisha. Kushoto, lake. Kulia, la huyo mtu. Tisa. Chini yake: Mkeo yuko ghorofa ya saba. Ana mkongojo.

Kiti kilianza kunuka grisi.

Mwenye akili angeinuka hapo hapo. Shemeji yangu? Yeye alisikia matusi tu. "Unamtaja mke wangu wewe kama nani?" akanong'ona, meno yamekazana. Akabonyeza: andika langu. Akarudisha waya, akaituma programu kwenye lifti.

Simu ikaita.

Dada alikuwa anatoka kwa daktari wa mifupa, katika jengo lile lile. Mlango ulijifunga akiwa katikati. Mkongojo ulivunjika kama njiti. Yeye alikutwa nje, sakafuni, mzima.

"Kuna mzee alinivuta kiunoni," aliniambia kwa sauti ndogo. "Alikuwa na hasira, kaka. Ananivuta huku anagomba. Tisa, tisa."

Nilimfuata shemeji, akakiri yote, nikamkunja shati. "Uliambiwa mara ngapi?"

Hakunitazama. "Mara tatu."

Sijamsamehe. Nadhani si mimi peke yangu.

Gauni alilovaa dada siku ile lina alama ya kiganja kiunoni, ya grisi. Vidole vinne. Amelifua mara sita. Jana nilipita kambani, gauni limekauka kau. Nikaigusa ile alama.

Ilikuwa mbichi. Na bado ya moto.