Mlio Uliokatika Patamu

"Pei-shan! Pokea simu, mwanangu, hatusikilizani na wateja!"

"Si yangu, Mama. Yangu hii hapa mfukoni, imenyamaza."

Lakini mlio ulikuwa unalia. Kinanda kilianza polepole, kikanyata, kisha kikachangamka ghafla mpaka mabega yakataka kucheza yenyewe. Pei-shan aliacha chapati ya mayai ikiungua kwenye bati, akabaki na mwiko mkononi. Mlio ule ulipaswa kuwa kwenye simu moja tu duniani, yake, na kulia anapopiga mtu mmoja tu, Tien-yu. Leo unalia wapi tena?

Ulikuwa unalia kwenye mkoba wa Mama Lai, kiongozi wa kikundi cha dansi cha akina mama wa mtaa wao pale mjini Chiayi, mwanamke mwenye mdomo usio na breki.

"Haloo! Niko kwa Mama Chuang nakunywa maziwa ya soya. Tangulieni bustanini, nakuja!"

Hajakata vizuri, mlio uleule ukalia meza ya pili. Mara ukalia na ya pembeni. Akina mama wakacheka, wakatikisa viuno wakiwa wamekaa.

"Mama Lai, huo mlio mmeutoa wapi?" Pei-shan aliuliza.

Mama yake, Mama Chuang mwenye mgahawa, ndiye aliyejibu, kifua mbele.

"Kuo-lung katuwekea kikundi kizima! Kautunga mwenyewe, kwa mikono yake. Mimi nimeshasema, kijana mwenye duka la simu na kipaji kama hicho akitaka binti yangu, nampa na jiko nimbebee."

Kwenye foleni ya wateja, kijana mmoja mrefu aliweka chini mfuko wake taratibu. Alikuwa Tien-yu mwenyewe, kaja kununua kifungua kinywa kama kila asubuhi, na kila neno alikuwa amelisikia.

"Kautunga nani?" aliuliza.

"Wewe nawe!" Mama Chuang alimgeukia. "Unataka chapati au unataka habari? Nenda kapige kinanda chako kwenye karamu za barabarani, waache watu wenye vipaji."

Tien-yu alimtazama Pei-shan tu.

"Ulimpa?"

"Sikumpa! Tien-yu, nakuapia, sikumpa!"

"Sasa umefikaje kwake? Umepaa?"

Akatoka. Pei-shan alitaka kumkimbilia, mama yake akamdaka kamba ya aproni.

"Watu wanasubiri chakula, mapenzi yatasubiri."

Tuseme ukweli, wimbo ule Tien-yu alikuwa ameutunga kwa ajili ya Pei-shan, juu ya paa la nyumba ya jirani, alikopanga kachumba ka mabati. Aliurekodi kwa simu, akauingiza kwenye programu ya kukatia nyimbo, akachagua pale panaponoga, akakata mbele, akakata nyuma, akaupunguza sauti mwishoni ili usikatike kama kamba. Kisha akamtumia na meseji: "Weka huu, ulie kwa namba yangu tu. Ukilia ujue ni mimi nakuwaza, hata kabla hujapokea." Pei-shan alilala na simu kifuani siku hiyo, na sioni cha kumcheka. Kupewa maua ni jambo zuri, lakini maua wanauziwa wote.

Ulifikaje kwa Kuo-lung? Pei-shan alikumbuka wakati akiosha vyombo, nusura avunje bakuli. Kioo! Simu yake ilipasuka kioo, akaiacha dukani kwa Kuo-lung mchana kutwa ikiwa wazi, bila neno la siri. Mwizi alikuwa ametengenezewa mlango.

Akampigia Tien-yu. Haikupokewa. Akapiga tena na tena. Mwishowe akaandika:

"Kuo-lung aliuiba nilipompelekea simu abadilishe kioo. Nisikilize basi!"

Jibu likachelewa sana.

"Wimbo naweza kutunga mwingine. Kinachoniuma ni kwamba mama yako anamsifu mwingine kwa kazi yangu, na wewe ulisimama tu na mwiko, hukusema ni wangu. Nimekubali kazi niliyoitiwa ya kupiga muziki kwenye meli. Jumapili alasiri napanda treni kwenda bandari ya Keelung. Uwe na amani."

Jumapili! Na Jumapili ndiyo siku ambayo Kuo-lung na wazazi wake walikuwa wanakuja kunywa chai ya uchumba.

Pei-shan alimwendea mama yake jikoni.

"Mama, wimbo ni wa Tien-yu. Kuo-lung ni mwizi."

"Una ushahidi?"

"Nina neno langu."

"Neno la mwenye mapenzi si ushahidi, ni homa. Yule wa juu anapiga makelele. Huu ni muziki. Mimi si kiziwi, Pei-shan."

"Mama, mimi simtaki Kuo-lung."

"Kumimina chai si kuolewa. Utamimina, utamtazama vizuri, kisha tutaongea."

Lakini wote wawili walijua uongo ule. Kwa watu wao, msichana akizungusha chai, wageni wakarudisha vikombe vikiwa na bahasha nyekundu ndani, naye akavipokea, mambo yamekwisha. Kinachobaki ni kuchagua keki.

Jumapili ikafika. Sebule ilijaa. Kuo-lung alikuwa na suti ya kubana na nywele za kung'aa, katikati ya wazazi wake, kisha akina mama wa dansi wamejipanga ukutani kama mashahidi wa mahakama. Mama Lai alikuja na spika yao kubwa ya mazoezi, ile yenye magurudumu.

"Ya nini hiyo?" Mama Chuang alishangaa.

"Tutacheza! Uchumba mkavu mkavu unaleta watoto wa kununa."

Pei-shan aliingia na sinia. Alimpa baba yake Kuo-lung, akampa mama yake, akampa Kuo-lung. Kijana akamkonyeza. Pei-shan akatamani chai iwe ya moto zaidi. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea, na treni ya Tien-yu haikuwa na habari na mtu.

Wakanywa. Mama yake Kuo-lung akaanza kufungua pochi kutoa bahasha.

"Ngojeni kwanza!" Mama Lai akasimama. "Kabla hamjafunga mambo, sisi tuna shida na bwana harusi. Mlio wako, baba, unakatika pale patamu. Tunanyanyua mguu, tunazungusha mkono, mara kimya! Juzi Mama Ku kabaki kasimama na mguu mmoja nusura aanguke. Tupe wimbo wote."

"Ndiyo! Wote! Wote!" wenzake wakapiga makofi.

Kuo-lung alicheka kicheko cha meno tu.

"Akina mama, wimbo wenyewe... ndio huohuo."

Pei-shan aliliweka sinia chini.

"Haiwezekani. Mlio ni kipande. Aliyekata kipande anacho kizima. Unaendeleaje, Kuo-lung?"

"Faili lilipotea. Simu yangu iliharibika."

"Fundi simu kaharibikiwa na simu?" Mama Lai alidakia. "Makubwa!"

"Basi tuimbie tu," Pei-shan alimkazia. "Uliutunga wewe. Baada ya pale unapochangamka, unaelekea wapi? Panda? Shuka?"

Kuo-lung akakohoa. Akaimba. Masikini, aliimba kitu kilichofanana na tangazo la dawa ya meno. Akina mama wakatazamana.

"Pei-shan, unamwaibisha mgeni," Mama Chuang alimkemea, ila macho yake yalikuwa yameshaingiwa na wasiwasi.

Pei-shan alishatoa simu. Akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikaita, ikaita, ikaita.

"Pokea, Tien-yu. Pokea, mpenzi wangu, nakuomba," alisema mbele ya watu wote, bila haya.

"Haloo." Nyuma yake sauti ya stesheni ilikuwa inatangaza treni ya kwenda kaskazini.

"Usikate! Niko mbele ya Mama, mbele ya Kuo-lung, mbele ya kila mtu. Nitumie wimbo wote."

"Wa nini sasa? Treni imeingia. Na wote si msafi, una kelele ndani. Ndiyo maana niliukata pale."

"Utume na kelele zake. Siku ile nilisimama na mwiko, nilikosea. Leo nimesimama upande wako. Tuma."

Pei-shan aliikazia simu macho. Kisha simu ikatetemeka mkononi. Wimbo umefika.

Mama Lai hakusubiri kuombwa, akaunganisha spika.

Kinanda kikaanza, kikanyata, kikachangamka. Mabega ya akina mama yakaanza. Kikafika pale siku zote kinapokatika, na hakikukatika! Kikaruka juu, kikageuka, kikashuka kwa madaha kama bibi harusi anayeshuka ngazi akijua anatazamwa.

"Uuuwi!" Mama Ku alipiga yowe la furaha. "Kumbe mguu ule ulikuwa unakwenda huku!"

Na hapo, nyuma ya kinanda, kwa mbali, ukasikika muziki wa gari la taka, ule unaowaita watu washushe taka zao, ukiingia mtaani. Kisha sauti ya mwanamke, kubwa, kali, ikajaza sebule nzima:

"PEI-SHAN! Gari la taka hilo! Shuka na mfuko wa maganda ya mayai! Na wewe mpiga kinanda huko juu, nyamaza, umetutoboa masikio! Hayo nayo ni muziki?"

Spika ikanyamaza.

Ilikuwa sauti ya Mama Chuang.

Mama Lai ndiye wa kwanza kupasuka. Alicheka hadi akakaa sakafuni, machozi yanamtoka.

"Mama Chuang wee! Umeutukana wimbo ukiwa juu ya paa, ukaucheza ukiwa dukani! Njia ya mwongo fupi, lakini hii imepitia dirishani kwako!"

Uso wa Mama Chuang uliiva, ukapauka, ukaiva tena. Akamgeukia Kuo-lung.

"Nilikuuliza nani katunga. Ukanitazama usoni ukasema 'mimi, Mama'."

"Mama, wewe ndiye uliyesema aliyetunga utampa binti! Mimi nampenda Pei-shan tangu shule. Ningesema nini?"

"Ungesema unanipenda," Pei-shan alimjibu. "Ningekukatalia, lakini ningekuheshimu."

Mama yake Kuo-lung alishafunga pochi. Alimwinua mwanawe kwa sikio, suti na nywele za kung'aa na vyote.

"Twende nyumbani. Samahani sana, Mama Chuang. Chai ilikuwa nzuri."

Walipotoka, simu ilikuwa bado haijakatwa. Mama Chuang akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu."

Pei-shan akampa.

"Tien-yu. Ni mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Nimeisikia sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshakuchukia kabla sijakusikiliza, sasa ningesikia nini? Nimekukosea, na nimelisema hili mbele ya Mama Lai, kwa hiyo kesho mji mzima utajua. Unatosheka?"

"Nimekusamehe, Mama. Ila wanafunga milango hapa. Wimbo umerudi kwangu, nashukuru. Lakini sikupanda treni hii kwa sababu ya wimbo."

Mama Chuang alielewa. Akamrudishia binti yake simu na kumsukuma mgongoni.

"Sema. Usinitazame mimi, sema!"

"Tien-yu!" Pei-shan alipaza sauti, machozi na kicheko vimechanganyika. "Nakupenda. Sitaki mwenye duka, sitaki mwenye suti. Nakutaka wewe uwe mume wangu, na kama hunitaki niambie nikalie vizuri!"

"Hujawahi kulisema hilo mbele ya mama yako."

"Sasa amesikia!"

"Nimesikia!" Mama Chuang akadakia.

"Tumesikia!" akina mama wote wakaitikia, wanapiga makofi na miguu.

Kwenye simu kikasikika king'ora cha milango, mtu akigombeza, kishindo, kisha pumzi nzito za mtu aliyekimbia. Treni ikanguruma, ikaenda zake. Pei-shan alishika simu kwa mikono miwili.

"Tien-yu? Tien-yu, uko wapi?"

"Kwenye jukwaa la stesheni." Alikuwa anacheka na kuhema. "Nimeruka. Sanduku limekwenda Keelung."

"Lina nini?"

"Kila kitu. Mashati, suruali, viatu vya kazi. Nimebaki na kinanda mgongoni na hizi ndala nilizovaa safarini."

Pei-shan alimtazama mama yake. Mama Chuang alikuwa ameshaokota sinia, anaosha vikombe upya kwa maji ya moto, haraka haraka, mabega yanamcheza.

"Mwambie aje na ndala zake," alisema. "Chai haivai viatu."