Kikohozi cha Nkwabi Vumbi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Lusia alifagia uwanja huku akimsubiri kaka yake arudi kutoka zamu ya usiku. Nyumba yao ilikuwa pembeni mwa mji wa Kharumwa, kando ya barabara inayokwenda machimboni. Masalu, kaka yake, alifanya kazi kwenye karasha, ile mashine inayoponda mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Alirudi mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, kama mtu aliyemwagikiwa gunia la sembe. Lusia alimcheka kila siku, na kila siku Masalu alijifanya amekasirika.

"Mwangaluka, mzee wa unga!" Lusia alimsalimia kwa Kisukuma asubuhi hiyo, akimsogezea ndoo ya maji.

"Shikamoo yangu iko wapi, wewe mtoto?"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Sasa nipe na—" Masalu hakumaliza. Alishika ukuta, akainama na kukohoa.

Mama yao alikuwa jikoni akikanda unga wa chapati za kuuza. Alicheka. "Huyu naye! Kutwa kumuiga Nkwabi Vumbi. Utapelekwa redioni lini?"

Mama hakuwa na kosa. Siku hizo wilaya nzima ya Nyang'hwale ilikuwa ikikohoa kwa makusudi. Nkwabi Vumbi alikuwa msanii wa hip-hop, kijana wa hapo hapo, aliyewahi kufanya kazi kwenye karasha kama Masalu kabla ya nyimbo zake kufika redioni. Kila wimbo wake ulianza kwa kikohozi mara mbili, "Kho! Kho!" kisha mdundo unaingia. Basi madereva wa bodaboda wakawa wanasalimiana kwa kukohoa. Wanafunzi wa darasa la sita walikohoa kila Mwalimu Donatus alipogeukia ubao, naye alishachoka kuwafokea. Na mmoja akiita "Vumbi!" wote walijibu "Linatimka!" Lusia mwenyewe alikuwa hodari wa kikohozi hicho, na alijisifia.

Lakini Lusia alijua jambo ambalo mama hakulijua. Mama alishinda kwenye kibanda chake cha chapati, na Masalu alilala mchana. Lusia alipokuja nyumbani kula, alimsikia kaka yake akikohoa nyuma ya pazia, naye yuko usingizini. Nani anamuiga msanii akiwa amelala? Tena shuka lilikuwa limelowa jasho, na suruali yake aliifunga kwa kamba ili isimvuke.

Siku moja alimuuliza. Masalu alicheka, ingawa macho yake hayakucheka.

"Ni vumbi tu, Lusia. Litapita. Usimwambie mama. Akijua atanitoa kwenye kazi, na kibanda chake peke yake hakitutoshi. Niahidi."

Lusia aliahidi. Tangu siku hiyo ahadi ile ilimkosesha raha, na hakuwa na wa kumwambia.

Alhamisi moja, Ignas, jirani yake wa dawati, aliingia darasani mbio, shati likiwa nje. "Nkwabi Vumbi amefariki!"

"Acha utani wa kijinga," Lusia alimjibu.

"Haki ya Mungu! Redio imetangaza sasa hivi. Watu wanasema amewekewa sumu na wenye wivu."

Darasa lililipuka kwa kelele. Mwalimu Donatus aliingia, na wote walijua watachapwa. Mwalimu hakuchapa mtu. Alivuta kiti, akakaa, akavua miwani. "Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Amefia hospitali jana. Habari ya sumu sijaisikia popote, na wewe Ignas usiieneze. Alikuwa na miaka ishirini na minne." Kisha yule mwalimu aliyekataza nyimbo za Vumbi darasani akasema kwa upole mistari ambayo kila mtoto aliijua:

"Nimeshuka duara na tochi ya kichwa,
Nikapanda na wimbo, dhahabu ikafichwa."

Lusia alijua kwamba wazee hufa. Hakujua kwamba mtu ambaye sauti yake ilikuwa inatoka kwenye kila duka anaweza kufa. Siku hiyo hakuna aliyekohoa darasani.

Jumamosi watu walijaa kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe kutoa heshima za mwisho. Bodaboda zilikuja zimefungwa matawi. Wachimbaji walikuja moja kwa moja kutoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, tochi zimewashwa vichwani mchana kweupe, mamia ya taa kwenye jua kali. Lusia alikuwa na mama yake na Masalu, ambaye naye alivaa tochi yake. Jeneza liliwekwa juu ya meza chini ya turubai. Pembeni yake alikaa Mama Nkwabi, amejifunga kanga kiunoni.

Kijana mmoja mshereheshaji alishika kipaza sauti. "Ndugu zangu, tutamuaga Vumbi kwa namna yake mwenyewe. Nikisema tatu, wote tukohoe mara mbili, asikie huko aliko. Moja, mbili, tatu!"

Uwanja mzima ulikohoa. Kho! Kho! Ng'ombe waliofungwa upande wa pili walishtuka na kukata kamba. Watu wakafurahi huku wanalia, wakataka tena. Kho! Kho! Lusia naye alikohoa kwa nguvu zake zote.

Mama Nkwabi alisimama. Alimfikia mshereheshaji, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Nyamazeni!"

Watu waliduwaa.

"Mnajua mnachokifanya? Mnadhani lile lilikuwa pambo la wimbo?" Alinyoosha mkono kwenye jeneza. "Mwanangu hakuwa anaimba pale. Alikuwa anaumwa. Siku ya kwanza alipokwenda kurekodi, kikohozi kilimbana kabla ya kuanza, na yule mwenye mitambo akakiacha kwa sababu kilipendeza. Mkakishangilia. Akaona aibu kuwaambia. Mimi mama yake nilimwambia, Nkwabi, twende hospitali. Akanijibu, 'Ni vumbi tu, mayu. Litapita.' Tulipokwenda, mapafu yalikuwa yamekwisha kuliwa. Daktari alituambia ni kifua kikuu, na kwamba tungewahi angepona. Hakuna sumu. Hakuna mchawi. Ni hicho mnachonipigia kelele hapa, mbele ya jeneza lake!"

Hakuna aliyethubutu hata kusogeza mguu. Lusia alisikia maneno mawili yakijirudia kichwani, vumbi tu, vumbi tu.

Ndipo katika ule ukimya mtu mmoja akakohoa.

Watu waligeuka kwa hasira. Kikohozi kikaendelea. Alikuwa Masalu. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akajikunja, tochi ikamchomoka kichwani, lakini hakuweza kukizuia.

"We ngosha, huna adabu?" mwanamume mmoja alimfokea, akamshika ukosi. "Unamdhihaki mfiwa?"

"Mwachie!" Lusia alipiga kelele. Alijipenyeza katikati yao. "Haigizi! Kaka yangu haigizi! Anakohoa hata akiwa amelala, anatoka jasho mpaka shuka linalowa! Miezi sasa! Aliniambia ni vumbi tu, nisimwambie mama!"

Alimwona mama yake, amefunika mdomo kwa kanga. Alimwona Masalu akimtazama, na macho yake yalisema, uliniahidi. Lusia alianza kulia. "Nisamehe, kaka. Sitaki ulale pale mezani."

Yule mwanamume aliachia ukosi. Masalu alipoondoa mikono mdomoni, kiganja kimoja kilikuwa na damu.

Mama Nkwabi aliweka kipaza sauti chini, akaja akipita katikati ya watu. Alimshika Masalu mkono kama anavyoshikwa mtoto mdogo. "Mazishi ya mwanangu yatasubiri kidogo," alisema. "Yeye haendi tena popote. Nani ana gari hapa?"

Gari lilipatikana kabla hajamaliza kuuliza.

Kwenye kituo cha afya, Daktari Mariana alimpa Masalu barakoa, akamketisha nje kwenye hewa, akachukua makohozi yake kwenda kuyapima. Majibu yalipotoka, ilikuwa kifua kikuu kweli, ingawa mapafu hayakuwa yameharibika sana. "Umebahatika," daktari alimwambia. "Dawa hutolewa bure. Utazimeza kila siku kwa miezi sita bila kuruka hata moja, hata utakapojiona umepona. Na karasha usahau." Kisha aliwageukia wengine. "Mtu akikohoa wiki mbili, aje hapa, asisubiri kujua ni vumbi au ni nini. Sisi ndio tutakaojua. Nanyi wa nyumbani tutawapima pia."

Mama na Lusia walipimwa, wakakutwa salama. Njiani kurudi nyumbani mama alisema, "Mimi nilikuwa nacheka jikoni," akalia, na Lusia akamshika mkono.

Masalu hakuongea na Lusia siku nzima. Siku ya pili alimwita. "Nilikukasirikia," alisema. "Halafu usiku nikawaza ule mkono wa Mama Nkwabi. Ulikuwa umetoka kumfunika mwanawe." Kisha akamwomba Lusia amletee dawa zake.

Miezi ikapita. Masalu alimeza dawa zake, mara nyingine akinuna, Lusia akimsimamia kama askari. Alianza kunenepa, ile kamba ya suruali ikatupwa. Alisukuma chapati kwenye kibanda cha mama, na wachimbaji walimtania kwamba bado ni mzee wa unga. Mwenye karasha naye, baada ya watu kumsema sana, alianza kumwagia mawe maji kabla ya kuyaponda, na vijana wengi walijitokeza kupimwa. Watatu miongoni mwao walianza dawa.

Mwaka ulipotimia tangu kifo cha Nkwabi, watu walikusanyika tena kwenye uwanja wa mnada kumuenzi. Safari hii Mama Nkwabi alikuwa amewaomba waje. Aliwaita Lusia na Masalu, akawasimamisha karibu yake.

"Mwanangu alisikika redioni nchi nzima," alisema. "Maelfu ya watu walimsikia akikohoa. Walimpenda, lakini hakuna aliyemuuliza, 'Nkwabi, unaumwa?' Binti huyu aliuliza. Na alipoona jibu halimtoshi, alisema kwa sauti, ingawa alikuwa ameahidi kunyamaza. Wanangu, siri inayomdhuru mtu si siri ya kutunza. Mwambieni mtu mzima, hata kama mwenye siri atawakasirikia. Afadhali akukasirikie akiwa hai."

Kisha aliwaomba wanafunzi waimbe. Mwalimu Donatus ndiye aliyekuwa amewafundisha. Mahali pa kikohozi walikubaliana wanyamaze tu, kisha mdundo uingie.

Ignas alinyanyua mkono. Wote wakanyamaza. Katika ule ukimya Lusia hakuusubiri mdundo. Alimsikiliza kaka yake. Masalu alivuta pumzi ndefu, akaishusha, na hakukohoa.

"Vumbi!" Ignas aliita.

"Limetulia!" Masalu alijibu peke yake kwa sauti kubwa, akakosea kabisa itikio, na uwanja mzima ukacheka, Mama Nkwabi akiwa wa kwanza.