Nesi Aliyefungwa Macho

Gogo liliibuka kutoka chini ya maji ya mafuriko na kuipasua boti ubavuni. Injini ililia mara moja ikanyamaza, na Mto Baudó ukawameza wote watatu: Damaris, nesi wa zahanati ya kijiji; Arcesio, aliyekuwa kwenye usukani; na mdogo wake Liborio, aliyelazwa juu ya ubao akipelekwa hospitali, mguu umeumwa na nyoka aitwaye mapaná asubuhi ile alipokuwa akikata ndizi.

Mto uliwagonga kwenye mawe, ukawazungusha, kisha ukawatupa kwenye changarawe kando ya msitu. Damaris alitoka majini na kiwiko kilichochanika, mkono mmoja bado umeng'ang'ania ukosi wa mgonjwa. Arcesio alitambaa nyuma yao akitapika matope, panga kiunoni. Mtu wa Baudó huachana na boti, haachani na panga.

Alipoinua uso, akaona. Gauni jeupe lilikuwa limemganda nesi mwilini, na tumbo lilikuwa la mviringo.

"Una mimba!"

Damaris alikuwa amelificha chini ya koti pana, koti ambalo sasa mto ulikuwa umemvua bega moja. Alikuwa na sababu. Kwenye mto ule kila mtu anajua, au anadhani anajua, kwamba mjamzito akimtazama aliyeumwa na nyoka, sumu hupanda moyoni. Angesema ukweli, wasingemruhusu hata kupanda boti.

"Umemkodolea macho njia nzima, mchawi we!" Ubapa wa panga ulimpiga begani, akaanguka kifudifudi. "Geuza uso, la sivyo nayatoboa hayo macho!"

"Nipige baadaye, kaka. Ndugu yako anapaliwa na matapishi."

Kweli, Liborio alikuwa chali, koo likikoroma. Arcesio alisimama katikati yao, panga juu, analia. Alimpenda mdogo wake kupindukia, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokuwa yanamuua kijana wa watu.

Damaris akavua kilemba chake, akajifunga machoni, akakaza fundo.

"Haya, sioni. Sasa macho yangu ni wewe. Nipeleke kwake."

Mvua ilizidi kunyesha. Kisha mkono mgumu ukamshika na kumvuta.

Akamgeuza Liborio kwa ubavu, akaukunja mguu usioumwa mbele ili umtegemeze, akaingiza kidole mdomoni na kuchota matapishi. Kifua kikavuta hewa.

"Vidole vya mguu ulioumwa vina rangi gani?"

"Vizuri tu."

Damaris akavigusa. Vilikuwa baridi, vigumu. Juu zaidi akaigusa kamba ambayo Arcesio aliifunga shambani na kuikaza kwa kijiti, kama walivyofanya babu zake, na kule zahanati akakataa katakata isiguswe.

"Unanidanganya. Nimekuomba macho, sikuomba kubembelezwa."

"Vyeusi," alisema kwa sauti ndogo. "Nesi, ni vyeusi."

"Basi kamba inaula mguu. Kata."

"Nikikata, sumu itakimbia. Atakufa!"

"Usipokata, mguu huu utakatwa hospitali, kama watamkuta hai. Mimi sioni. Kata, Arcesio."

Panga likapita. Liborio alizinduka kwa ukelele damu iliporudi mguuni, akarusha ngumi, akampasua kaka yake mdomo.

"Mshike! Mguu usitikisike!"

Wakaufunga kwenye kipande cha kasia kilichotupwa na mto, kwa vipande vya koti. Mto ulikuwa umeanza kula changarawe chini ya magoti yao. Arcesio alimlaza mdogo wake juu ya ubao, uliokuwa umetupwa karibu nao, akaukokota kupanda ukingo wa matope, nesi akisukuma gizani mwake, akianguka, mizizi ikimchana magoti. Walipofika juu, pale walipokuwa wamepiga magoti palikuwa mto mtupu.

Chini ya majani mapana, Damaris akawa anaamuru.

"Nawa mikono."

"Na mvua yote hii?"

"Mikono ina damu na matope. Nawa, kisha mgeuze. Mfute mgongo, weka majani safi chini. Mpe maji ya mvua, kidogo kidogo. Mkojo una rangi gani?"

Arcesio aliinama, akaangalia. "Una wekundu."

"Asante kwa kunieleza ukweli," alisema Damaris, ingawa alijua sumu ilikuwa inamvujisha kijana damu ndani.

Kesho yake, mtumbwi wa wapasua mbao ukawachukua. Katikati ya safari Liborio akafumbua macho.

"Nani kamfunga nesi macho?"

Arcesio akaliangalia panga lake.

"Mfungue. Nataka anione."

Arcesio akalifungua fundo. Kitambaa kilipoanguka, yeye ndiye aliyefumba macho. Damaris alimtazama mgonjwa wake usoni, akaangalia mguu, na vidole viwili vyeusi ambavyo havingepona, kisha akamtazama tena usoni, bila haraka.

"Haya," alisema Liborio, "nimekufa?"

Arcesio akafumbua macho. Akainama ukingoni mwa mtumbwi, akanawa mikono hadi viwiko, akamgeuza mdogo wake ubavu wa pili, akaushikilia mguu, bila kuambiwa na mtu.

"Nilikupiga, nesi," alisema, bado kainama.

"Ulinipiga. Usiuachie mguu."

Hakuuachia mpaka hospitali.